Ng'ombe wa Krismasi: Somo juu ya Zawadi na Ukumbusho

Masomo ya kusomwa kwanza: Luka 2:1–20, Mathayo 2:1–12, Luka 14:12–14.



Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana wetu yakaribia, na katika nyumba za Karagwe na Kyerwa maandalio yaonekana. Walio kazini Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam wanatafuta nafasi katika magari ili wafike nyumbani kabla ya mkesha. Mama anafagia ua na kuchagua mkungu wa ndizi utakaokatwa. Baba anamtazama mbuzi wake. Watoto wanauliza habari za nguo mpya. Mambo haya ni mema, wala hatuandiki ili kuyalaumu. Martin Luther mwenyewe aliwapenda watoto wake kwa furaha ya Krismasi, akawatungia wimbo wa sikukuu hii, uliopigwa chapa mwaka 1535. Lakini kila mwenye nyumba yampasa ajiulize neno moja: Zawadi yangu yamwendea nani? Ili tupate jibu, tuanze na habari iliyotukia katika nchi yetu hii.

I. Krismasi ya mwaka 1861

Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe pamoja na wapagazi na askari wao kutoka Unguja na pwani. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Njiani walikuwa wamesumbuliwa sana na watu waliowadai hongo. Lakini Mukama Rumanyika Orugundu, aliyetawala Karagwe, aliwapokea kwa upole, akawapa mahali pa kukaa na chakula.

Hata ilipofika tarehe 25 Desemba, Rumanyika alikuwa amesikia ya kwamba wageni wake huiadhimisha siku ile ya kuzaliwa kwa Mwokozi wao kwa karamu ya nyama. Basi akawapelekea ng'ombe. Speke aliiandika habari hii katika kitabu chake cha safari.

Tufikiri vema jambo hili. Rumanyika hakuwa amebatizwa. Katika nchi yake hapakuwa na kanisa wala Injili iliyoandikwa. Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910, yaani miaka 49 baadaye, na Dayosisi yetu ya Karagwe ilianzishwa mwaka 1979. Hata hivyo, katika Krismasi ile ya Karagwe mtoaji wa zawadi alikuwa mwenyeji asiyeijua sikukuu, na wapokeaji walikuwa wageni Wakristo waliokuwa mbali na kwao. Hakungoja aielewe imani yao kwanza. Alijua tu kwamba ni siku yao kuu, na kwamba wako ugenini.

Speke alikwenda kwake siku ile ile kumpa salamu za sikukuu. Kwa kuwa alimdhania kuwa mzao wa Wahabeshi, walio Wakristo tangu zamani, alisikitika mbele yake kwamba ameisahau ibada hii, akatumaini kwamba siku moja walimu watakuja kuwafundisha watu wake. Rumanyika alichekeshwa na maneno hayo. Mawazo ya Speke juu ya asili ya wafalme wetu hayakubaliwi tena na wenye elimu. Lakini twaweza kujifunza kitu hapo: Speke alikuwa na mafundisho mdomoni, na Rumanyika alikuwa na ng'ombe mkononi. Ni aibu kwetu tuliobatizwa ikiwa tuna maneno mengi ya sikukuu, na mikono yetu ni mitupu mbele ya mgeni.

Tena Grant aliugua mguu vibaya hata asiweze kutembea. Speke alipoondoka kwenda Buganda mwezi wa Januari 1862, Grant alibaki katika nchi ya Rumanyika hata Aprili, ndipo alipochukuliwa kwa machela. Hivyo ukarimu wa mwenyeji haukwisha siku ya nyama. Uliendelea miezi mitatu na zaidi kwa mgonjwa asiyeweza kumfaa kitu.

II. Zawadi yamwendea nani

Desturi ya kupeana si ngeni kwetu. Mgeni akiingia nyumbani hupewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa haja yake. Zamani kwa ndugu zetu Wahaya mke alimpa mumewe senene aliowakamata, naye mume alimpa mkewe nguo. Majirani hupelekeana ndizi na pombe wakati wa arusi na wakati wa msiba. Desturi hizi zaunganisha watu, nasi tusizidharau.

Walakini katika zawadi za namna hii mtu hutoa akijua kwamba atarudishiwa. Bwana wetu alipokaa mezani kwa Farisayo alifundisha jambo lililo zaidi. Alimwambia mwenyeji wake asiwaite rafiki, ndugu na majirani matajiri tu, bali awaite maskini na vilema na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kumlipa. Naye Mungu ndivyo alivyotutendea usiku ule wa Bethlehemu. Alitupa Mwana wake tulipokuwa hatuna cha kurudisha. Mtoto yule mwenyewe alizaliwa safarini, katika mji ambao wazazi wake hawakupata nafasi ya kulala, na waliokuja kumwona kwanza walikuwa wachungaji. Mamajusi wenye dhahabu walikuja baadaye.

Nchi hii imelijua neno hili kwa matendo. Mwaka 1994 watu wengi mno walikimbia vita na mauaji ya Rwanda, wakavuka mpaka na kuingia Ngara na Karagwe. Wakati ule Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe. Krismasi ya 1994 na ya 1995 zilipita wakiwa katika kambi, na mwezi wa Desemba 1996 walirudishwa kwao. Wazee waliokuwapo wakumbuka jinsi miti ilivyokatwa na jinsi mioyo ya wenyeji ilivyojaribiwa. Mwalimu na awaombe wazee hao wawasimulie vijana yaliyokuwa mepesi na yaliyokuwa magumu, bila kuficha. Maana mgeni mmoja ni rahisi kumpokea. Wageni maelfu ni mtihani.

III. Kuwakumbuka waliotangulia

Krismasi ni siku ya jamaa kukutana, kwa hiyo ndiyo siku ambayo pengo huonekana. Kwetu makaburi ya jamaa mara nyingi yako katika kibanja, karibu na migomba. Mtoto aliyezaliwa mjini hupita kando yake akikimbilia mpira, wala hajui ni nani alalaye pale.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Wengi wa watoto wale leo ni watu wazima wenye watoto wao. Wengine hawana hata picha ya mama. Kwa watu kama hao, kusikia mzee akisema, “Mama yako ndiye aliyepanda mgomba huu, naye alipenda kuimba,” ni zawadi ipitayo shati jipya.

Basi wakati wa sikukuu jamaa na wapalilie makaburi, na mzee awatajie watoto majina ya waliolala na kazi zao. Hatuwaombi wafu, wala hatuwatolei sadaka. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao, na twaungama tumaini la ufufuo, ambalo kwa ajili yake Mtoto wa Bethlehemu alizaliwa.

IV. Mashauri kwa wenye nyumba

Kwanza, zawadi iwe na kiasi. Mwezi wa Desemba fedha ya kahawa imekwisha kupungua, na Januari shule zafunguliwa. Baba akikopa ili watoto wang'ae siku moja, kisha wakakosa madaftari, hakuwapa zawadi, amewapa deni. Nguo iliyofuliwa vizuri haimchukizi Mungu.

Pili, katika kila karamu pawe na mtu mmoja asiyeweza kulipa: mjane, mgonjwa, kibarua aliye mbali na kwao. Aitwe mapema, aketi pamoja na wengine, wala asipewe mabaki mlangoni.

Tatu, asiyeweza kufika apelekewe. Mgonjwa aliye kitandani apate sehemu yake kabla ya wenye nguvu kuanza kula.

Nne, ndugu waliorudi kutoka mbali wasiigeuze sikukuu kuwa baraza la kugawana kibanja, hasa mbele ya mjane wa ndugu yao. Mjane huyo ndiye aliyewapikia. Kama yako maneno ya shamba, yawekwe siku nyingine, mbele ya wazee, na haki yake ilindwe.

Tano, katika mnada wa sadaka baada ya ibada, mwenye kununua mkungu au kuku na akumbuke ya kuwa aweza kuununua, kisha akampa jirani asiye na kitu.

Maswali kwa walimu na madarasa

1. Rumanyika alijua nini juu ya Krismasi, na alifanya nini kwa ujuzi huo mdogo?
2. Mgeni akipewa zawadi, afanye nini kabla ya kuanza kufundisha?
3. Kuna tofauti gani kati ya kuwakumbuka waliolala na kuwaomba?
4. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye mwaka jana hakualikwa na mtu ye yote? Nani atakwenda kwake, na siku gani?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno tu. Kabla darasa halijaagana, liandike majina ya watakaokwenda.

Bwana awape ninyi na jamaa zenu Krismasi ya amani.