Ukame Haukuwa Hukumu ya Mfugaji

Mnaukumbuka ule ukame: mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Ng'ombe waliisha Merti, wakaisha Garbatulla. Nikasikia watu, tena waliookoka, wakisema wafugaji wanaadhibiwa kwa dhambi zao. Halafu Novemba 2023 yakaja mafuriko. Hiyo nayo ni dhambi ya nani?

Fungua Luka 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, wakafa. Yesu aliuliza kama hao walikosa kuliko wengine wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawaambia waliosimama pale watubu wao.

Sasa Mungu mwenye upendo aliruhusu kwa nini? Mengine ni mkono wa mtu. Ewaso Nyiro ikichotwa sana huko juu, huku chini inakauka, na anayeumia siye aliyechota. Mungu hakutuumba mashine, ametuachia hiari, na hiari ya mmoja humwumiza mwingine.

Lakini mvua ikikataa, hapo si jirani. Ayubu alidai sababu waziwazi, na Mungu hakumkaripia kwa kulia. Alimjibu kutoka kwenye upepo wa kisulisuli, ila sababu yenyewe hakumpa. Waliokaripiwa ni marafiki wenye maelezo mengi. Na jamani, walikuwa wameanza vizuri! Siku saba walikaa naye chini, kimya.

Jumatano kwenye maombi tutasoma Ayubu 42. Mje na Biblia, na mwenye unga wa kupelekea familia zilizobaki bila mifugo, aje nao.