Weka Chupa Chini Kwanza, Mizizi Baadaye

Mnatafuta mtoto, hamjapata, na wikiendi zako nyingi zinaishia baa. Rafiki ameshakuambia kuna mizizi inayorudisha kila kilichoharibiwa na pombe. Usitoe hela bado.

Anza na pombe yenyewe. Ikizidi, hushusha testosteroni na kuharibu mbegu zikiwa bado zinatengenezwa kwenye korodani. Mbegu huchukua kama siku 74 kuiva. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda: miezi mitatu bila pombe. Wiki mbili hazitakuonyesha kitu.

Jihesabu kwa ukweli. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina mililita 70 za pombe tupu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Yaani kale kachupa unakokaita "kidogo tu" ni karibu bia tatu. Gongo usihangaike kuhesabu. Hata anayeipika hajui asilimia yake.

Unakunywa kila siku, na ukikosa asubuhi mikono inatetemeka? Basi usiache ghafla ukiwa peke yako, unaweza kupata degedege. Nenda hospitali, useme wazi kiasi unachokunywa, wakusaidie kuacha kwa usalama.

Sasa mimea. Tangawizi imejaribiwa kwa panya dume waliopewa pombe, na waliopata vyote viwili walidhurika kidogo kuliko waliopata pombe peke yake. Habari njema, ila ni ya panya wa maabara. Haikupi ruhusa ya kushushia bia kwa chai ya tangawizi. Itumie kama chakula tu, pamoja na majani ya mlonge kwenye mboga. Hapo hupotezi kitu.

Kuwa makini na mbegu za papai. Watu huzitafuna baada ya ulevi eti zisafishe ini. Huko India, kima waliopewa dawa iliyokamuliwa kutoka mbegu hizo walibaki na shahawa zisizo na mbegu hata moja, hadi walipoachishwa. Mwarobaini nao umepunguza mbegu za wanyama wa maabara. Miezi hii mitatu, kaa mbali na vyote viwili.

Dawa ya mizizi ya chupa, soma lebo. Nyingi zimelowekwa kwenye spiriti, na utakuwa umeitoa pombe mlangoni ukairudisha dirishani. Ukiona asilimia ya alkoholi, irudishe kwenye shelfu. Isiyo na lebo kabisa, hata usiiguse.

Unga wa nguvu za kiume nao hautibu tatizo lako. Unaweza kusimamisha vizuri kabisa na shahawa zikawa hazina mbegu. Baadhi ya dawa hizi zimekutwa zimechanganywa na sildenafili kimyakimya, na hiyo ni hatari sana kwa anayetumia nitrati za moyo. Sindano za testosteroni ndiyo usiombe: zinazima kiwanda cha mbegu.

Pima shahawa sasa, urudie miezi mitatu ikiisha, maabara ileile. Kabla ya kipimo kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Usitumie mate, sabuni wala kondomu ya kawaida wakati wa kutoa sampuli. Kama umeitolea nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, kichupa kikiwa ndani ya shati karibu na mwili kisipate baridi. Chini ya milioni 16 kwa mililita, kwa vipimo vya WHO vya 2021, ni sababu ya kumwona daktari. Haina maana huwezi kuzaa.

Na mkeo apimwe pia, msisubiri majibu yako kwanza. Akiwa na zaidi ya miaka 35 na mmejaribu miezi sita, nendeni wote wawili wiki hii.