Somo kwa Wanachama: Ujuzi Nao ni Hisa

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Lakini mwenye ujuzi huzeeka na kufa. Asipourithisha, huzikwa nao.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Baada ya kufanya vibarua vingi, alianza kuchora picha za wanyama na ndege Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na vifaa vya chuo cha sanaa. Alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi ya baiskeli, na picha zake zikapata wanunuzi.

Angeweza kuuficha ufundi huo kwa kuogopa washindani. Badala yake aliwafundisha vijana wachache, wengi wao jamaa zake. Mwaka 1972 alifariki ghafla kwa kupigwa risasi, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendeleza kazi, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji hao wakaunda chama chao cha ushirika.

Ubunifu, basi, huanza na kilichopo mkononi. Na furaha ya fundi hukamilika aonapo mkono wa mwenzake ukiweza alichomfundisha. Chama ambacho mtu mmoja tu ndiye ajuaye kurekebisha mizani au kufunga hesabu kimo hatarini: siku akiondoka, kazi husimama.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:

1. Ni ujuzi gani chamani unaojulikana na mtu mmoja tu?
2. Nani atajifunza kwake kabla ya msimu ujao?