Nyumba Kwanza, Kisha Huduma kwa Kipimo

Mtu aliyelala barabarani kwa miaka akikabidhiwa ufunguo wa chumba, ni nini hasa kinachobadilika mwilini mwake? Tuanze na insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mgonjwa wa kisukari anayelala chini ya daraja hana friji, hana saa maalumu ya kula, na mfuko wake wa dawa unaweza kuibwa usiku wowote. Daktari amwandikie dawa nzuri kiasi gani, haitamfaa. Chumba chenye mlango unaofungwa ni sharti la kwanza la matibabu yake.

Hata hivyo, friji haimkumbushi mtu kujidunga sindano, wala haimtulizi mwenye skizofrenia anaposikia sauti usiku wa manane. Hapo ndipo huduma saidizi zinapohitajika, na mratibu anapaswa kujiuliza: nani apewe nini, na kwa kiasi gani?

Kwa wenye mahitaji makubwa kuna mfumo uliobuniwa Madison, Wisconsin, nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Daktari wa akili, muuguzi na wahudumu wengine hufanya kazi kama timu moja na kumfuata mgonjwa anakoishi, na kila mhudumu huwa na watu wapatao 10. Kwa wenye mahitaji ya wastani, mhudumu mmoja huweza kubeba watu kati ya 16 na 20 na kuwaunganisha na kliniki, benki au ofisi za serikali.

Sasa tupige hesabu. Chukulia jengo lenye wapangaji 60: 20 wana mahitaji makubwa, 40 ya wastani. Kwa uwiano wa 10 na 20, tunahitaji wahudumu wawili kila upande, jumla wanne. Kila mhudumu akiwa na saa 40 kwa wiki, mwenye mahitaji makubwa hupata saa 4 na yule wa wastani saa 2, kabla ya kutoa muda wa safari na wa kuandika taarifa. Tukiwagawa wahudumu hao hao sawa kwa sawa, kila mpangaji atapata saa 2 na dakika 40. Mwenye shida kubwa amepoteza saa 1 na dakika 20 kila wiki, na mwenzake ameongezewa dakika 40 asizozihitaji sana. Mishahara ni ile ile, lakini msaada umepungua pale ulipohitajika zaidi.

Je, utaratibu huu wa kutoa nyumba pamoja na huduma hufanya kazi? Kati ya 2009 na 2013, Kanada iliujaribu katika miji mitano: Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montréal na Moncton. Zaidi ya watu 2,000 wasio na makazi na wenye maradhi ya akili waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa nyumba na huduma, jingine likaendelea na misaada ya kawaida. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya kundi la kwanza walikuwa na makazi muda wote, dhidi ya asilimia 31 ya kundi la pili.

Kundi la pili ndilo linalotufundisha kusoma matokeo. Bila hilo, tungedai kwamba mradi umewaokoa watu 62 katika kila 100, ilhali 31 wangepata makazi hata bila mradi. Mchango wake halisi ni ile tofauti. Tena, dalili za maradhi ya akili zilipungua katika makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Nyumba ilimtoa mtu barabarani. Ugonjwa wenyewe bado ulidai tiba yake.

Ndiyo maana mkataba wa pango hutenganishwa na matibabu. Mpangaji akikataa dawa hafukuzwi, kwa sababu akirudi barabarani timu itampoteza pamoja na nafasi ya kumshawishi kesho.

Mahitaji nayo hayasimami: mwenye mahitaji ya wastani huzidiwa, mwenye mahitaji makubwa hupata nafuu. Anayepanga makazi ya aina hii asiishie kuhesabu vyumba. Ahesabu pia saa za wahudumu, na apime upya mahitaji ya kila mpangaji mara kwa mara.