Padre aliyempokea mwanangu amefariki. Nihame parokia?

Shangazi, paroko wetu alifariki mwaka jana. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, na wakati wa Misa hupaza sauti. Padre alikuwa akisimamisha mahubiri, anamwitikia kwa jina, kisha anaendelea. Siku hizi wanaopokea watu mlangoni wananiambia tukae nje, chini ya mti, tusikilizie kwenye spika. Paroko mpya bado sijazungumza naye. Nihamie parokia nyingine?
Mama wa Iringa

Pole sana, binti yangu. Matanga ya padre yameanuliwa zamani, lakini wewe unafiwa upya kila Jumapili pale mlangoni.

Usihame kwanza. Barua yako inaonyesha unaamini kwamba nafasi ya mwanao kanisani ilikuwa fadhila ya padre, na kwamba imezikwa pamoja naye. Sivyo. Mwaka 2007, katika wosia wake wa kitume Sacramentum Caritatis, Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliomba kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kupata kipaimara wapewe Komunyo kadiri inavyowezekana, kwa kuwa wanaipokea pia katika imani ya familia au jumuiya inayowasindikiza. Jumuiya hiyo itamsindikizaje mtoto iliyemwacha chini ya mti? Na Juni 2016, akiongea na watu wenye ulemavu, Papa Fransisko aliulizwa kuhusu padre asiyewapokea wote. Alijibu kwamba padre huyo afadhali afunge kanisa. Marehemu wenu alikuwa na moyo wa pekee, lakini alichompa mwanao kilikuwa haki yake.

Hao wa mlangoni nao usiwachukie. Huenda padre alipokuwa hai aliwapokea watu yeye mwenyewe, kila mtu akamwachia, na hakuna aliyejifunza kazi ile. Ndivyo inavyokuwa kwa watu wema wengi, lakini si lazima iwe hivyo. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti, alianzisha Nairobi mwaka 1992 makao ya Nyumbani kwa ajili ya watoto yatima wenye virusi vya Ukimwi, wakati ambao wengi waliogopa hata kuwagusa. Alifariki mwaka 2006, na kazi ikaendelea, kwa sababu palikuwa na watu walioishika pamoja naye. Parokiani kwenu watu hao bado wanatakiwa kupatikana, nawe waweza kuwa wa kwanza.

Nenda ukamwone paroko ofisini siku ya kazi, si baada ya Misa watu wakiwa wamemzunguka. Nenda na mtoto, na mwenyekiti wa jumuiya yenu awepo. Tafadhali, usianze na "marehemu alikuwa anafanya hivi". Hakuna padre anayependa kupimwa na kaburi, na huenda huyu hajui kabisa kinachotendeka mlangoni. Mwambie jina la mwanao, kinachomtuliza, na ile sehemu ya Misa inayomfanya apaze sauti. Mara nyingi sauti hiyo ni furaha, na padre mgeni hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Omba benchi karibu na mlango wa pembeni, mtoke na kurudi anapochoka. Kisha waombe akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wapeane zamu ya kukaa nawe. Hupaswi kumbeba peke yako.

Kama baada ya yote hayo jibu litakuwa ni lile lile la chini ya mti, hama bila kujilaumu. Mwanao asikue akijua kwamba mahali pake ni nje.

Na ukitaka kumkumbuka marehemu padre: siku hiyo hiyo ofisini, toa nia ya Misa ya kumwombea. Chagua Misa ya Jumapili yenye watu wengi, jina lake litajwe mwanao akiwa ndani, hata kama atapaza sauti. Halafu niandikie tena. Nataka kujua paroko amejibu nini.