Usiuze Miguu kwa Butura

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Muleba. Mdogo wangu, kiungo mwenye miaka 20, akarudi kutoka Bukoba na karatasi tatu za Kiingereza. Klabu moja, jina nalihifadhi, ilikuwa imemwona akicheza Kaitaba na ikamtaka amwage wino kesho yake. "Kaka, wanatoa milioni sita," akasema. Baba alishaanza kuhesabu mabati.

Nikaomba usiku mmoja nisome. Niliyoyaona nayaandika kama somo, maana wengi wetu tuna ndugu anayecheza mpira.

Kwanza, tafuta tarehe ya mwisho. Mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake umeisha, hivyo haondoki kwa ada ya uhamisho. Haki hii aliipigania mahakamani Mbelgiji Jean-Marc Bosman, na Mahakama ya Ulaya ikamwamulia tarehe 15 Desemba 1995. Leo kanuni za FIFA zinakuruhusu kusaini na klabu nyingine mkataba wako ukibakiza miezi sita au pungufu.

Angalia ya kwetu. Clatous Chama alitoka Simba kwenda Yanga Julai 2024 mkataba wake ukiwa umekwisha. Mashabiki wa Msimbazi waliumia, lakini hakukuwa na cha kumzuia. Feisal Salum yeye alitaka kuondoka Yanga Desemba 2022, mkataba ukiwa bado hai. Kamati ya TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga, na hakuhama mpaka Azam ilipokubaliana na Yanga Juni 2023. Kilichowatofautisha hawa wawili ni kalenda, wala si kipaji.

Mkataba wa mdogo wangu ulisema miaka miwili. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, klabu ilijipa haki ya kuongeza miwili mingine peke yake, kwa mshahara uleule. Kumbe ni minne!

Pili, uliza fedha zinalipwa lini. Desemba 2023 mcheza besiboli Shohei Ohtani alisaini na Dodgers dola milioni 700 kwa miaka 10. Lakini milioni 680 kati ya hizo atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043. Ohtani ana matangazo ya biashara, anaweza kusubiri, na tarehe zake zimeandikwa. Milioni sita za mdogo wangu zilikuwa mbili siku ya kusaini, na nne "klabu itakapokuwa na uwezo". Hapo utadai lini?

Tatu, jua mlango wa kutokea. Kwa kanuni za FIFA, klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia na kuipa siku 15 ilipe. Ikishindwa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Ila bila nakala ya mkataba mkononi, utabaki kulalamika kijiweni tu.

Asubuhi nikamweleza baba kwa lugha ya shambani: hii ni butura. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya shida, halafu wakati wa mavuno unamwangalia mwingine akibeba magunia yako. Baba aliwahi kuuza hivyo msimu mzima ili mimi nilipiwe ada ya sekondari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi waambie waandike tarehe."

Tukaenda wote Bukoba. Klabu ilikubali kuandika tarehe za malipo na kukifuta kile kipengele cha nyongeza, lakini dau likashuka hadi milioni tano. Mdogo wangu akasaini. Mpaka leo ananidai ile milioni moja, nusu utani nusu kweli. Ila tarehe atakayokuwa mchezaji huru anaijua kwa kichwa.

Nawe ukiletewa karatasi ya kusaini kesho, omba usiku mmoja. Anayekunyima usiku huo ameshakujibu.