Mzigo wa Kazi na Msongo wa Mawazo: Somo kwa Familia Zinazozungumza Kiswahili Uingereza

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kaya ambazo mmoja wa watu wake, au zaidi, anafanya kazi nzito: kutunza wazee na wagonjwa, kufanya usafi usiku, kupakia mizigo ghalani, au kuendesha gari kwa saa nyingi. Linaeleza msongo wa mawazo ni nini, dalili zake, hatua zinazoweza kuchukuliwa nyumbani na kazini, na mahali pa kupata msaada. Huduma za afya zilizotajwa humu ni za England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zake. Inafaa somo hili lisomwe na watu wazima wa nyumba kwa pamoja.

Mfano: nyumba moja mjini Leicester

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini mambo yake hutokea katika nyumba nyingi.

Mama Salma anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Zamu yake huanza saa mbili usiku na kwisha saa mbili asubuhi. Mumewe anafanya kazi ghalani, naye huondoka kabla ya jua kuchomoza. Mama Salma akirudi humpeleka mtoto shuleni, hulala saa nne asubuhi, na huamka saa nane mchana ili akamchukue. Mdogo wake anasoma chuo Mombasa, na paa la nyumba ya mama yao linavuja. Kwa sababu hizo alikubali zamu za ziada, na kwa miezi miwili akafanya kazi usiku tano au sita kwa wiki.

Kichwa kilianza kumuuma kila siku. Usiku mmoja, alipomaliza kugawa dawa, hakukumbuka kama mzee wa chumba cha mwisho alikwisha kupewa vidonge vyake. Alirudi kutazama daftari mara tatu, kisha akajifungia chooni akalia. Hakumwambia mtu. Hakumwambia mumewe, kwa kuwa naye ana mzigo wake. Hakumwambia meneja, kwa kuwa viza yake imedhaminiwa na mwajiri huyo. Hakumwambia mama yake, kwa kuwa huko nyumbani watu huamini kwamba aliye Ulaya amekwisha kufika, na aliyefika halalamiki.

Ni mtoto aliyefungua mlango wa mazungumzo. Salma, mwenye umri wa miaka tisa, alimuuliza baba yake: "Baba, kwani mama ametukasirikia?"

Jumapili hiyo mume akasema: "Mama Salma, ni lini mara ya mwisho ulilala ukashiba usingizi?"

"Nimechoka tu, Baba Salma. Nani huku hajachoka?"

"Uchovu wa kazi huondoka mtu akilala. Huu wako hauondoki."

Msongo wa mawazo ni nini

Mtu anapokabiliwa na jambo zito, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na akili huwa macho. Hali hiyo ina manufaa ikiwa ni ya muda mfupi: humwezesha mhudumu kumdaka mzee anayeteleza, au dereva kukanyaga breki kwa wakati. Jambo likipita, mwili hutulia.

Madhara huanza pale mwili unapokosa nafasi ya kutulia. Zamu ikifuatwa na zamu bila usingizi wa kutosha, mwili hubaki katika hali ya tahadhari hata mtu akiwa kitandani. Kwa hiyo msongo si uvivu, si udhaifu wa imani, wala si dalili ya kukosa shukrani. Mtu mwenye bidii nyingi ndiye mara nyingi anayeuchelewa kuutambua, kwa kuwa amezoea kuvumilia.

Zamu za usiku zina ugumu wake. Mwili wa binadamu hufuata mwanga wa jua, hivyo usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi. Wakati wa Desemba, mchana wa London ni wa takriban saa nane. Anayelala mchana wakati huo anaweza kupitisha siku kadhaa bila kuliona jua.

Dalili za kuangalia

*Mwilini:* maumivu ya kichwa, shingo na mgongo, moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika, kukosa usingizi ijapokuwa mtu amechoka.

*Katika mawazo:* kusahau mambo madogo, kushindwa kuamua, hofu isiyo na sababu bayana, huzuni, kuona kwamba kila jambo ni kosa lake.

*Katika mwenendo:* hasira za ghafla kwa watoto, kujitenga na watu, kuacha kupokea simu za nyumbani, kula kupita kiasi au kutokula, kuongeza sigara au pombe.

Dalili moja kwa siku moja si jambo la kutia hofu. Dalili kadhaa zinazodumu kwa wiki mbili au zaidi zinahitaji hatua. Wazee walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Na msongo nao, ukifichwa, huweza kuzaa sonona, ajali barabarani, na makosa kazini yanayomdhuru mgonjwa.

Hatua za nyumbani

Hatua ya kwanza ni usingizi. Mtu mzima anahitaji walau saa saba katika kila saa 24. Anayelala mchana na aweke pazia zito, azime simu, na awaombe wa nyumbani wauheshimu muda huo kama wanavyouheshimu usiku. Chai ya rangi na kahawa ziachwe saa sita kabla ya kulala. Pombe humfanya mtu asinzie, lakini huharibu usingizi wenyewe. Wako wanaotumia mirungi ili wakeshe. Pamoja na kuongeza wasiwasi na kufukuza usingizi, mirungi imepigwa marufuku Uingereza tangu mwaka 2014.

Hatua ya pili ni kugawana kazi za nyumba. Katika kaya nyingi mwanamke hutoka zamu moja akaingia nyingine: kupika, kufua, kupeleka watoto. Wanandoa na waandike kazi zote za wiki katika karatasi moja, kisha waone nani anabeba nini. Baba Salma alipoona orodha yao, alimwomba msimamizi wake wa ghala aanze kazi saa moja na nusu baadaye kwa siku mbili za wiki, na jirani akakubali kuwapeleka watoto wote siku nyingine mbili. Mama Salma akapata karibu saa mbili zaidi za kulala kwa siku hizo nne.

Hatua ya tatu ni kusema kweli kwa ndugu walio mbali. Kutuma pesa ni wajibu unaoheshimika, lakini kiasi kisicho na mpaka humfanya mtu akubali kila zamu. Ni vyema kaya ipange kiasi maalumu cha mwezi, ikitaje mapema, na iseme wazi kwamba maombi ya dharura yatajadiliwa na mume na mke pamoja. Wengi huogopa mazungumzo haya kuliko yanavyostahili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako leo si yako."

"Naumwa mama. Kazi imenizidi. Mwezi huu nitatuma ada peke yake."

"Unaumwa, na mimi nakuhesabia mabati! Paa lilivuka masika ya mwaka jana, na haya litavuka."

Si kila simu hujibiwa hivyo. Hata hivyo, ndugu hawezi kumhurumia mtu kwa mzigo asioujua.

Hatua ya nne ni kuutuliza mwili. Kutembea nje dakika 20 hadi 30 kukiwa na mwanga husaidia usingizi na moyo. Kupumua polepole, kwa kuvuta pumzi puani na kuitoa taratibu kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta, hupunguza mapigo ya moyo kwa dakika chache. Sala, mazungumzo na marafiki, na vikao vya jumuiya vina nafasi yake. Havizuii kumwona daktari, wala daktari havizuii.

Hatua za kazini

Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 1974 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na afya ya akili ni sehemu yake. Kanuni za Muda wa Kazi za mwaka 1998 zinaweka mipaka ifuatayo:

- Wastani wa saa za kazi usizidi 48 kwa wiki, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kuuvuka mpaka huo. Aliyekubali anaweza kubatilisha kwa kutoa taarifa ya maandishi, kwa kawaida siku 7 kabla, au hadi miezi 3 ikiwa mapatano yanasema hivyo.
- Kati ya siku moja ya kazi na nyingine pawe na saa 11 za mapumziko.
- Anayefanya kazi zaidi ya saa 6 kwa siku anastahili mapumziko ya dakika 20 yasiyokatizwa.
- Likizo ya malipo ni wiki 5.6 kwa mwaka.
- Mfanyakazi wa usiku ana haki ya kupewa nafasi ya kupimwa afya bila malipo.

Katika huduma zinazoendeshwa saa 24, mapumziko huweza kusogezwa, lakini mfanyakazi anapaswa kufidiwa kwa mapumziko mengine.

Mama Salma aliposoma mkataba wake upya na mumewe, aligundua kwamba siku ya kwanza ya kazi alitia sahihi karatasi ya kuuvuka mpaka wa saa 48. Alidhani ni sehemu ya fomu za kawaida.

Anayetaka kuzungumza na meneja na aandike kwanza: tarehe, saa alizofanya kazi, saa alizopumzika, na athari alizoziona. Kisha aombe jambo moja au mawili yanayopimika. Kusema "kazi ni nyingi" hujibiwa kwa "poleni". Kusema "naomba zisizidi usiku tatu mfululizo, na nipate ratiba wiki mbili kabla" huhitaji jibu. Ombi litumwe kwa baruapepe na nakala ihifadhiwe. Meneja wa Mama Salma alikubali usiku tatu. Kuhusu wikiendi alikataa. Lilikuwa jibu pungufu, lakini lilimrudishia usingizi. Mahali ambapo mwajiri hajibu au anatisha, chama cha wafanyakazi na shirika la Acas, simu 0300 123 1100, hutoa ushauri. Ushauri wa Acas ni wa bure.

Hofu ya viza

Hofu hii ndiyo inayowafunga wengi midomo. Yafaa mambo matatu yajulikane. Kwanza, haki za muda wa kazi zilizotajwa hapo juu zinamhusu pia mfanyakazi mwenye viza ya udhamini. Pili, kuugua na kupumzika kwa cheti cha daktari si kosa la uhamiaji. Tatu, kuacha kazi ghafla ni jambo jingine: udhamini ukikoma, kwa kawaida mhusika hupewa siku 60 za kupata mdhamini mpya au kuondoka nchini. Kwa hiyo asiache kazi kwa hasira kabla ya kupata ushauri. Citizens Advice hutoa maelezo ya bure. Ushauri wa viza uchukuliwe kwa mtu aliyesajiliwa kisheria tu, si kwa kila anayejitangaza katika makundi ya simu.

Kumwona daktari

Kila anayeishi England anaweza kujiandikisha kwa daktari wa familia bila malipo, na hapaswi kukataliwa kwa kukosa uthibitisho wa makazi au wa hali ya uhamiaji. Mgonjwa ana haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Inatosha kumweleza mpokezi kwamba anazungumza Kiswahili, wakati wa kupanga miadi. Mtoto asifanywe mkalimani: hapaswi kubeba siri za mzazi wake, na mzazi hatasema yote mbele yake.

Mazungumzo na daktari ni siri. Mwajiri haambiwi bila ridhaa ya mgonjwa. Kwa ugonjwa usiozidi siku 7, mfanyakazi hujaza taarifa mwenyewe. Ukizidi hapo, cheti huhitajika. Cheti hicho si lazima kiseme "asifanye kazi". Kinaweza kusema kwamba ataweza kazi iwapo saa zake zitapunguzwa au zamu zitabadilishwa, nacho humsaidia mfanyakazi anapozungumza na meneja.

Mtu mzima anaweza pia kujiandikisha moja kwa moja, bila kupitia kwa daktari, katika huduma ya NHS Talking Therapies. Ni tiba ya mazungumzo ya bure kwa wenye msongo, wasiwasi na sonona.

Hali ya hatari

Mtu anayewaza kujidhuru, au anayeona maisha hayana maana, asiachwe peke yake, wala asikemewe. Kumuuliza waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema.

- Maisha yakiwa hatarini sasa hivi: piga 999.
- Msaada wa haraka wa afya ya akili, mchana na usiku: piga 111, kisha chagua 2.
- Kuzungumza na msikilizaji wakati wowote, bila malipo: Samaritans, 116 123.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kila mmoja wetu alilala saa ngapi katika siku saba zilizopita?
2. Ni kazi gani ya nyumbani inayoweza kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine wiki hii?
3. Je, tumekubaliana kiasi cha pesa za kutuma nyumbani, au kila ombi huamuliwa na mmoja peke yake?
4. Je, tumesoma mikataba yetu ya kazi yote, na tunajua tulichotia sahihi?
5. Mmoja wetu akizidiwa, atamwambia nani kwanza?

Jibu la swali la tano na liandikwe, pamoja na namba tatu zilizo hapo juu, na karatasi ibandikwe mlangoni mwa friji.